Mchanga wa Magoti

Kila Januari bibi yangu Zulmira
alizikwa hadi kiunoni pale Guarapari,
kwenye mchanga mweusi wenye joto la ndani,
miavuli ya wageni ikimzunguka.
Magoti yake yalilia kama bawaba.
"Mchanga huu unafungua," alisema,
nasi wajukuu tulimnywesha maji kwa mrija,
tukigombania nani atamfukua.

Hakujua, nami sikujua,
kwamba alikuwa amelalia lanthani,
metali laini iliyopewa jina la kujificha,
imekumbatiana na fosfeti
ndani ya punje yenye rangi ya asali
tangu kabla ya mnyama wa kwanza kuwa na goti.

Sasa nina koti jeupe, Florianópolis, chumba cha chini,
kiyoyozi kinachokohoa,
na Edilene anayeandika tarehe kwenye vichupa
kwa mwandiko wa mtu anayedaiwa kodi.

Tunachokivunja hakionekani.
Ni fundo: fosforasi katikati, oksijeni kandokando,
fundo lile lile linaloshikilia uzi wa urithi
kutoka kwa Zulmira hadi kwangu.
Liache peke yake majini,
litakaa miaka kwa mamilioni,
likiyatazama maji, maji yakilitazama.
Heri yetu. Lingekuwa jepesi
tungeyeyuka bafuni kama sabuni.

Lakini ndugu ya fundo hilo,
aliyepindwa kidogo kiwandani na kutiwa galoni,
alimwingia mjomba Adelmo kupitia viganja
akinyunyizia nyanya milimani, Jumanne, bila glavu.
Mate yakamtoka. Mboni zikawa tundu la sindano.
Amepona, husema mwenyewe.
Ila kikombe cha kahawa
hakifiki tena mdomoni kikiwa kimejaa.

Basi tunachukua lanthani mbili,
tunaziketisha kwenye kikapu cha kaboni na nitrojeni
zisigande, zisitoroke.
Moja inaishika fosfeti mabega,
inaivuta elektroni zake
kama mtu avutaye shuka usiku.
Ya pili inabana tone la maji
mpaka maji yanaachia protoni,
yanakuwa makali,
yanaipiga fosforasi kisogoni.
Upande wa pili, mlango.

Njano.

Hafifu kwanza, kama maji yaliyosuuza sahani ya mayai,
kisha njano ya kweli, njano ya jezi.
Edilene hapigi kelele.
Anagonga meza mara mbili kwa kidole cha pete.
Miaka yale mamilioni
imekwisha na kahawa yetu bado ina mvuke,
na lanthani imetoka jinsi ilivyoingia,
mikono mitupu, ikiuliza: nani mwingine?

Nilimpigia bibi siku hiyo hiyo.
Nilijisifu. Sitaki kusema nilijisifu kiasi gani.

Wiki iliyofuata tulitia tamaa.
Tukaacha ichakate hadi mwisho,
hadi fosfeti tupu, isiyo na mwenzi, ielee.
Asubuhi tulikuta wingu jeupe ndani ya chupa.
Njano imesimama palepale ilipokuwa jana.
Nilitikisa. Wingu likashuka polepole,
likatulia chini: unga, laini,
unga wa lanthani na fosfeti.

Tuliyemtuma kuvunja ndoa
ameoa.

Kikapu chetu kilikuwa kitupu,
miezi minane ya kukisuka.
Edilene alivua miwani, akaivaa, akasema,
"Umetengeneza ufuo."

Zulmira ana miaka tisini na mmoja, hasikii vizuri,
kwa hiyo nililazimika kupayuka kwenye korido:
Inafungua, bibi! Inafungua, kisha inafunga!
Kimya kirefu, na redio yake nyuma, mtu anauza godoro.
"Kwani ulitakaje?" akauliza.
"Goti lisilofunga ni gogo."

Nimeirudisha chupa mezani.
Sijaiosha.
Kikapu kijacho kitahitaji kingo ndefu zaidi,
au upendo mdogo zaidi wa chumvi,
sijui; nimechora saba, nimefuta sita.
Nikiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha
ule unga mweupe unateleza kwa pamoja, bila haraka,
jinsi mchanga ulivyoteleza mapajani mwake
tulipomshika makwapani
na kuhesabu, moja, mbili,
na kumvuta.